Nyumba ya Mdoli na Somo la Finishingi

Ukipita mitaa ya Makanyagio, pale Mpanda mjini, utaona nyumba za aina tatu. Kuna zilizokamilika, zina rangi, madirisha na mapazia. Kuna ambazo watu wameshahamia japo hazina lipu wala dari. Halafu kuna maboma: kuta za tofali za kuchoma zimesimama, ndani kumeota majani, na mbuzi wa jirani wanajikinga jua humo. Boma linaweza kupigwa na mvua za msimu mmoja, miwili, hata mitano. Ukimuuliza mwenye nyumba kimebaki nini, jibu ni lilelile kila mwaka: "Imebaki finishingi tu."

Makala hii inahusu hilo neno "tu". Nataka kuonyesha kwamba finishingi inatushinda kwa sababu tunaiweka mwisho, wakati kazi yake inaanza kabla hata gundi au saruji haijaguswa. Na nitaonyesha kwa kitu ambacho najua wengi hosteli watakicheka: nyumba ya mdoli.

Mimi ni mwanafunzi wa Elimu, mwanaume, miaka 22, na katika likizo ndefu iliyopita nilijenga nyumba za mdoli mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye boksi ikiwa vipande vilivyokatwa tayari. Ya pili niliipima na kuikata mwenyewe kwa maboksi, na hiyo ndiyo iliyohamisha ukuta wa nyumba halisi ya mama yangu. Nitazieleza zote kwa utaratibu, ili msomaji anayetaka kujaribu ajue pa kuanzia, na walimu wenzangu mpate cha kubeba darasani.

Mchezo wa watoto, kazi ya watu wazima

Kwetu hakuna mtoto ambaye hajajenga nyumba ya mdoli, ila hatukuiita hivyo. Mchezo wa baba na mama ulikuwa na vyumba vilivyochorwa mchangani, mafiga ya mawe matatu, na mtoto wa gunzi la muhindi aliyefungwa kitambaa. Tulikuwa na ramani, tulikuwa na mlango, na ole wako uingie kwa kupita ukutani.

Ulaya kitu hiki kilianza kwa wenye mali. Mtawala wa Bavaria, Albrecht wa 5, aliagiza nyumba yake ndogo mwaka 1557 hadi 1558, na haikuwa ya kuchezea, ilikuwa ya kuonyesha utajiri. Mjini Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1631, mama mmoja aitwaye Anna Köferlin alionyesha nyumba ndogo iliyojaa vyombo ili vijana wajifunze namna nyumba inavyoendeshwa. Hapo tayari ni zana ya kufundishia. Kule Uholanzi kuna nyumba ya Petronella Oortman iliyotengenezwa kati ya 1686 na 1710, leo iko Rijksmuseum, Amsterdam. Uingereza, kati ya 1921 na 1924, msanifu Edwin Lutyens alisimamia nyumba ya mdoli ya Malkia Mary, yenye umeme na maji yanayotiririka kwenye mabomba. Na Marekani, miaka ya 1940, Frances Glessner Lee alijenga vyumba vidogo vinavyoonyesha matukio ya vifo ili askari wapelelezi wajifunze kuangalia kabla ya kuhukumu.

Kwa hiyo atakayekuambia ni mambo ya kitoto, mjibu kwamba polisi wamesomea humo.

Sisi Tanzania tuna ndugu yake mkubwa. Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake kamili. Lengo ni lilelile: uingie, uangalie, uelewe watu wanavyoishi. Tofauti ni skeli tu.

Skeli kwanza, mengine baadaye

Skeli ndiyo sheria ya nyumba ya mdoli. Skeli inayotumika sana duniani ni 1:12, na sababu yake ni vipimo vya Kiingereza: futi moja ina inchi 12, basi inchi moja ya nyumba ndogo inasimama badala ya futi moja ya nyumba kubwa. Mlango wa sentimita 210 unakuwa sentimita 17.5. Mtu wa sentimita 168 anakuwa sentimita 14.

Maboksi mengi ya kuunganisha ya bei ya kawaida yanakuja kwa nusu ya hapo, yaani 1:24. Mtu yuleyule anabaki sentimita 7, urefu wa kidole. Boksi alilomletea mjomba wangu mdogo wetu wa darasa la tano kutoka Kariakoo lilikuwa la skeli hiyo: nyumba ya ghorofa moja, plaiwudi ya milimita 3, karatasi ya maelekezo yenye picha na maandishi ya Kichina, na kichupa cha gundi ambayo ilikuwa imekauka kabla hatujaifungua.

Ukijenga ya kwako mwenyewe kwa vipimo vyetu vya mita, nakushauri 1:20. Hesabu yake haina usumbufu: sentimita 5 ni mita 1. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kinakuwa sentimita 15 kwa 18. Ukuta wa mita 3 kwenda juu unakuwa sentimita 15. Kitanda cha tano kwa sita, ambacho ni kama mita 1.5 kwa 1.8, kinakuwa sentimita 7.5 kwa 9.

Skeli ikishachaguliwa haibadilishwi kwa kitu chochote ndani ya nyumba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu bila kujua. Unakuta nyumba safi, halafu pazia limekatwa kwenye kitenge chenye maua makubwa. Ua la sentimita 5 katika nyumba ya 1:24 ni ua la mita 1.2. Hakuna mtu anayelala na ua linalomfika kifuani.

Kujenga: hatua zinazokwenda haraka

Sasa tuingie kazini. Kwa boksi la vipande vilivyokatwa tayari, utaratibu ni huu.

1. Hesabu vipande vyote na uviandike namba nyuma kwa penseli kabla ya kuvitoa kwenye ubao wake. Ukishavitoa vyote, vinafanana kama mapacha.

2. Unganisha nyumba nzima bila gundi. Tumia selotepu na vibanio vya nguo. Hii hatua inaonekana ni kupoteza muda, lakini ndiyo inayokuonyesha kipande gani kinaingia kabla ya kipi, na kona ipi haitafikika tena baadaye.

3. Ukiwa umeisimamisha hivyo, chukua penseli uweke alama: taa itakaa wapi, waya utapita wapi, mlango utafungukia upande gani, rangi ipi iende ukuta upi. Kisha ibomoe.

4. Piga msasa. Anza na namba 120, malizia na 240. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu.

5. Paka rangi kuta zikiwa bado zimelala mezani. Plaiwudi nyembamba ukiipaka rangi ya maji upande mmoja inajikunja kama chapati, kwa hiyo paka pande zote mbili. Usipake kwenye meno ya kuunganishia, kwa sababu rangi inaongeza unene na gundi ya mbao haishiki vizuri juu ya rangi.

6. Gundisha. Gundi ya mbao ile nyeupe inatosha kabisa. Bana kwa vibanio, pima kona kwa kitu chenye pembe mraba (hata jalada la kitabu linafaa), acha usiku mzima.

Mdogo wangu na mimi tulisimamisha kuta na ghorofa kwa siku nne. Kila jioni mama akirudi sokoni anakuta nyumba imepanda. Majirani wakaanza kuja kuangalia. Utamu wa hatua hii ni kwamba saa moja ya kazi inaonekana kwa macho. Ni kama boma la kweli: mafundi watatu, wiki moja, na kiwanja kilichokuwa na mihogo kina kuta.

Finishingi: hatua zinazokwenda polepole

Kisha kasi ikafa. Siku nne zilisimamisha nyumba, wiki tano zikaimaliza. Saa nzima unakata vijiti vya aiskrimu kwa ajili ya sakafu ya chumba kimoja, na ukimaliza, anayepita mlangoni haoni tofauti. Hapa ndipo maboksi mengi ya aina hii duniani yanaporudishwa juu ya kabati, na hapa ndipo maboma ya Makanyagio yanapoota majani. Pesa ni sababu, sikatai. Mafundi wote watakuambia finishingi inakula kuliko boma. Ila kuna sababu nyingine: moyo wa mjenzi hulishwa na kile anachokiona, na finishingi haimlishi kila siku.

Wanajumuiya wenzangu, hili tunalijua vizuri. Kukusanya data za utafiti ni boma. Unasafiri, unahoji watu, unapiga picha. Kuandika sura ya nne na ya tano ndiyo finishingi, na huko ndiko watu wanakokwama mpaka msimamizi anawatafuta kwa simu.

Nilichojifunza kwenye finishingi ya nyumba ndogo ni mambo matatu.

La kwanza, waya kabla ya karatasi. Tuliweka taa mbili ndogo za betri. Waya lazima upite ukutani kwanza, ndipo karatasi ya ukutani ije iufunike. Ukibandika karatasi kwanza, utaichana. Kwenye nyumba kubwa ni hivyohivyo: bomba la umeme na la maji hukaa ukutani kabla ya lipu. Nyumba ngapi umeziona lipu imechimbwa mtaro kwa patasi kwa sababu umeme ulikumbukwa mwisho?

La pili, maliza chumba kimoja kabisa. Tulianza kwa kugusa kila chumba kidogokidogo, na nyumba nzima ikawa haina hata pembe moja ya kupumzisha macho. Mdogo wangu ndiye aliyesema, "Kaka, tumalizie jikoni tu kwanza, nimuweke mdoli apike." Tukamaliza jikoni: sakafu, rafu, sufuria ya kizibo cha soda, kanga ya kipande cha vidole vitatu. Mdoli akahamia. Kuanzia siku hiyo hapakuwa tena na swali la kama nyumba itaisha, kwa sababu kuna mtu anaishi humo.

La tatu, tumia kilichopo. Karatasi ya kufungia zawadi yenye vidoa vidogo ikawa ya ukutani, tukaibandika kwa uji wa ngano. Madirisha ni plastiki ya pakiti ya shati. Meza na kabati vilitoka kwa fundi seremala wa jirani, kwenye mabaki ya mninga, na mninga kwetu hautafutwi mbali. Bati la kibanda cha nje tulilipata kwa kulowesha kidogo karatasi ya juu ya boksi na kuibandua: ndani mna migongo iliyopangika kama bati lenyewe. Tukaipaka rangi ya fedha. Anayeangalia kwa mbali anauliza umenunua wapi.

Nyumba ya pili: mlango wa bibi

Hapa ndipo mchezo ulipogeuka kuwa jambo la nyumbani.

Mama yangu anajenga. Ni ujenzi wa fedha ya kikoba na ya mchele, tofali leo, saruji mwezi ujao. Anajenga kwa sababu moja: bibi, yaani mama yake, alipata kiharusi na sasa anatumia kitimwendo. Mama anataka amtoe kijijini aje akae naye. Wakati wa likizo kuta zilikuwa zimefika kozi sita, chini kidogo ya madirisha, na ramani ilikuwa mchoro wa kalamu kwenye daftari la fundi.

Niliomba lile daftari usiku mmoja. Nikapima, nikakata kuta kwa maboksi kwa skeli ya 1:20, vipande viwili viwili vilivyogundishwa pamoja ili unene ukaribie ukuta halisi. Bila paa, ili mkono uingie. Kisha nikatengeneza kitimwendo cha bibi. Nilikuwa nimekipima mwenyewe nilipokwenda kumsalimia: upana sentimita 65, urefu pamoja na miguu ya mkaaji sentimita 110. Kwenye skeli ni sentimita 3.25 kwa 5.5. Kipande cha boksi, bibi wa karatasi juu yake, kilemba cha kitenge.

Tukamkaribisha fundi. Nikampa bibi wa karatasi, nikamwomba ampeleke chooni kutoka chumbani kwake.

Akamtoa chumbani vizuri. Akampitisha korido, ambayo ilikuwa mita 1, yaani sentimita 5. Mlango wa choo ulikuwa ubavuni mwa korido, upana sentimita 70. Kiti kikafika pale kikagoma. Kina urefu wa sentimita 5.5 na korido ina 5, hakiwezi kugeuka kikae mraba na mlango. Akajaribu kwa kurudi nyuma. Akajaribu kwa kuinamisha. Mama alikuwa amesimama pembeni na ungo wa mchele, hasemi kitu.

Fundi akaweka kile kiti chini taratibu. "Mwalimu," akasema, "ramani niliiona, ila bibi sikumwona."

Sitaki mtu amlaumu fundi. Ramani ile ilikuwa sahihi kwa watu wanaotembea, na ndivyo ramani nyingi za mtaani zilivyo. Kwenye karatasi mlango ni mstari uliokatika. Hauna uzito, hauna magurudumu. Kinachogeuka kwenye kona ni mwili wa mtu, na mwili hauonekani kwenye daftari.

Tulikaa na lile boksi mpaka saa nne usiku. Mabadiliko yalikuwa manne. Mlango wa choo ukahamishwa kutoka ubavuni kwenda mwisho wa korido, ili bibi aingie moja kwa moja bila kugeuka. Upana wake ukawa sentimita 90. Choo kilikuwa mita 1.2 kwa 2, na kitimwendo kinahitaji nafasi ya kama mita 1.5 kuzunguka, kwa hiyo tukachukua sentimita 40 kutoka stoo, choo kikawa mita 1.6 kwa 2. Na mbele ya nyumba, msingi uko juu ya ardhi kwa sentimita 45. Mteremko unaoshauriwa kwa kitimwendo ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Sentimita 45 zinahitaji njia ya mita 5.4. Nikakata ukanda wa boksi wa sentimita 27 na kuuegesha mlangoni. Ukatoka nje ya kiwanja! Tukaukunja ufuate ukuta wa nyumba, ukatosha.

Mama ndiye aliyefunga mjadala. "Kozi sita nabomoa kesho asubuhi," alisema. "Ingekuwa nimeshaweka marumaru, nisingethubutu. Mama angekuwa anabebwa kwenda chooni ndani ya nyumba niliyomjengea."

Sentensi hiyo ndiyo somo lote. Marumaru ni finishingi. Mlango wa choo unaonekana ni mambo ya boma. Lakini swali la nani atapita mlango huo ni la mwisho kabisa wa nyumba, siku ya kuhamia, na lilipaswa kuulizwa kabla ya tofali la kwanza. Nyumba ndogo ilituruhusu kufika siku ya kuhamia tukiwa bado kozi ya sita.

Tofali zilizotoka zilitumika tena. Hadi naandika, nyumba imefika lenta na inasubiri mbao za kenchi. Bibi bado yuko kijijini. Ila mpango wa mama umebadilika: zamani alikuwa akisema ataezeka, kisha apige lipu nyumba nzima, kisha sakafu nyumba nzima. Sasa anasema akishaezeka, anamaliza chumba cha bibi, korido, choo na njia ya mteremko, kila kitu mpaka rangi, na vyumba vingine vibaki boma hata miaka. Alimsikia mdogo wangu na jiko lake.

Darasani: walimu, hii ni yetu

Niliporudi kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la sita, somo la vipimo, niliibeba ile nyumba ya maboksi. Mwanzoni wavulana wa nyuma walicheka, mwalimu wa kiume na nyumba ya mdoli. Nikawapa rula.

Jerome Bruner, ambaye sisi wa Elimu tunamkariri kwa ajili ya mtihani, alisema mtoto huelewa kwa kutenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama. Mara nyingi sisi tunaanzia kwenye alama: tunaandika 1:20 ubaoni na kusema "nakili". Watoto wale walianza kwa kutenda. Walipima kuta, wakachora, na mwisho ndipo wakaandika uwiano.

Swali zuri kuliko yote lilitoka kwao. Binti mmoja aliuliza: "Mwalimu, nyumba imepungua mara 20. Na rangi ya kupaka itapungua mara 20?"

Tukaukokotoa ukuta wa mita 4 kwa 3. Eneo lake ni mita za mraba 12, sawa na sentimita za mraba 120,000. Kwenye boksi ni sentimita 20 kwa 15, yaani 300. Gawanya: 400. Urefu umepungua mara 20, eneo limepungua mara 20 mara mbili yake kwa kuzidisha, 20 × 20. Kopo la rangi la lita 4 linakuwa mililita 10, vijiko viwili vya chai. Kisha tukaenda kwenye ujazo: simtanki la lita 1,000 litapungua mara 20 × 20 × 20, yaani 8,000, na kubaki mililita 125, nusu glasi. Tulimimina maji kwenye glasi, wakaangalia. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ndiye aliyeomba kuishika.

Tangu tamko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 tumekuwa tukisema mikono na kichwa visome pamoja, na sera ya sasa inarudia jambo hilo kwa jina la amali. Nyumba ya maboksi haihitaji karakana wala bajeti ya shule. Inahitaji boksi la duka la jirani, rula, uji wa ngano, na mwalimu asiyeona haya.

Kama unataka kuanza

Usisubiri bumu ununue boksi la vipande vilivyokatwa tayari. Anza na chumba chako cha hosteli. Kipime kwa hatua au kwa futi kamba ya kuazima. Chagua 1:20. Kata sakafu na kuta tatu, acha upande mmoja wazi ili mkono na macho viingie. Kata kitanda, meza, na ndoo. Tengeneza mtu wa sentimita 8 hivi, huyo ni mtu wa sentimita 160.

Kabla hujapaka gundi, simamisha kila kitu kwa selotepu na umtembeze huyo mtu: aingie, alale, aamke usiku aende nje bila kugonga ndoo. Weka alama za taa na mlango. Ndipo ubomoe, upake rangi, ugundishe. Kisha chagua pembe moja na uimalize kabisa, mpaka shuka.

Na likizo ukikuta nyumbani wazazi wana boma, omba ramani yao. Uliza nani atakaa humo: mzee, mjamzito, mtoto anayetambaa, mtu wa magongo. Mkate wa maboksi na utengeneze huyo mtu kwanza, kabla ya kuta. Boksi moja na jioni mbili zitawaambia mengi, wakati tofali bado zinaweza kutolewa kwa nyundo.